Usiharakishe Kulipa Fadhila

Ukitaka kumuudhi mama wa Kashikishi aliyekuletea samaki wawili kwenye sahani, mtolee noti ya kwacha papo hapo. Hatakugombeza. Ataitazama noti, atakutazama wewe, atacheka kidogo, na pengine ataipokea kwa sababu ana watoto wa kulisha. Lakini sahani haitarudi tena. Mwezi ukiisha utakuwa unanunua samaki kwake kama anavyonunua dereva wa lori anayepita, kwa bei ya dereva wa lori. Umelipa, mmemalizana.

Makala haya ni ya msomaji anayehamia ugenini, au aliyekwisha kuhamia, ambaye siku moja atagongewa mlango na mtu asiyemjua aliyebeba kitu ambacho hakukiomba. Tumefundishwa sana kujihadhari na watu wabaya wa ugenini. Kuhusu watu wema hatukufundishwa lolote, na ndiko tunakoharibu mara nyingi zaidi.

Nachukua mfano wa wilaya ya Nchelenge, ambamo ndimo ilimo Kashikishi, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kwa sababu ni mahali ambapo Waswahili wa kila aina wamewahi kuwa wageni. Karavani za pwani zilifika kwa mfalme Mwata Kazembe kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Siku hizi wapo wafanyabiashara wa samaki wakavu, na wapo Wakongo. Kuanzia Agosti 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwatoa watu Pweto, Moba na vijiji vya kandokando, wakaingia Zambia wakiwa na mafurushi na watoto. Walipokewa kwanza kwenye kituo cha muda cha Kenani, kisha Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa humo humo wilayani Nchelenge. Mantapala haikupangwa iwe kambi ya kufungiwa watu. Shule na zahanati zilikusudiwa wakimbizi na wenyeji wazitumie pamoja, na familia zikapewa ardhi ya kujenga na kulima. Wazee wa mkoa huu wa Luapula na wa jirani yake wa Kaskazini hawakuanza kupokea wageni mwaka ule. Vita ya Kongo iliyoanza 1998 ilileta maelfu hadi Kala, huko Kawambwa, na Mwange, huko Mporokoso. Na hata bila vita, watu wa ziwa hili wana shangazi na binamu ng'ambo ya maji. Mpaka umepita katikati ya ziwa. Ukoo uko pande zote mbili.

Basi usishangae ukipokelewa. Jiandae.

Ukarimu wa hapa mara nyingi hutangulizwa na mtoto. Anatumwa na mama yake aje na bakuli la unga wa muhogo, au kifungu cha kisamvu, ambacho wenyeji wanakiita katapa na Wakongo sombe, au chisense waliokaushwa juani, wale samaki wadogo wa Mweru ambao mtu wa Mwanza angewaita dagaa bila kufikiri mara mbili. Mtoto atasimama mlangoni, ataweka chini, atakimbia. Kosa la kwanza la mgeni ni kumwacha aende bila kumuuliza katumwa na nani. Muulize jina la mama yake. Kesho yake utamwamkia huyo mama kwa jina la mwanawe, bana Mutale au bana Chanda, kama sisi tunavyosema Mama Asha, na hapo atajua kwamba kitu kilifika na kwamba umeshamtambua. Baba utamwita bashi Mutale. Ukiwaita watu kwa majina yao ya shuleni unakuwa kama karani wa bomani aliyekuja kuhesabu nyumba.

Pokea kwa mikono miwili. Ikiwa mkono mmoja una kazi, ule mwingine ushike kiwiko cha mkono unaopokea. Aliyekuletea akiwa mkubwa kwako, inama au piga goti kidogo, kisha piga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, na useme kwa Kibemba, natotela mukwai. Mtu wa Tabora au Kigoma hatahangaika na haya, nyumbani yapo yanayofanana nayo. Wa mjini, aliyezoea kusema asante huku anatazama simu, ajizoeze. Hakuna atakayekucheka ukikosea, lakini wataona kama umejaribu.

Kula. Usiseme umeshiba. Hata kama umeshiba kweli, mega tonge, chovya, sifia mboga, na ubaki nayo. Kuna la kusema hapa kwa Waislamu wa pwani, na kwa wengine wenye miiko: sema mapema, mchana, kwenye maongezi ya kawaida, kabla chakula hakijapikwa. Ukimwambia jirani siku ya kwanza kwamba nyama ya nguruwe huli, na kwamba mwezi wa Ramadhani hushindi umekula, atakumbuka na atawaambia wengine. Ukisubiri chungu kiteremke jikoni ndipo utoe fatwa, umemwaibisha mbele ya watoto wake. Na angalia pande zote mbili. Luapula ina Mashahidi wa Yehova wengi, tangu enzi za ukoloni. Ukimpelekea jirani wa imani hiyo keki ya siku ya kuzaliwa au zawadi ya Krismasi ili kumlipa fadhila zake, umempa mzigo wa kukataa. Mpelekee kitu kile kile wiki mbili baadaye, bila kukipa jina la sikukuu.

Sasa turudi kwenye ile noti ya kwacha. Kwa nini malipo ya haraka yanaudhi? Kwa sababu aliyekupa hakuwa anauza. Alikuwa anakuwekea nafasi kwenye mzunguko ambao umekuwepo kabla yako: leo huyu ana samaki na yule hana, kesho mambo yamegeuka. Kila nyumba ina deni dogo kwa nyumba nyingine, na ni madeni hayo yanayowafanya watu wapitishiane salamu asubuhi. Mgeni anayelipa kila kitu hapo hapo anasema, bila kujua, kwamba hataki kudaiwa na mtu. Asiyetaka kudaiwa, nani atahangaika naye akiugua usiku?

Hilo la kuugua si mfano wa kubuni. Nchelenge ni kati ya wilaya za Zambia zenye malaria nyingi zaidi, na haina msimu wa kupumzika. Mbu wapo mwaka mzima. Mtoto atapandwa na homa saa nane za usiku, na hospitali ya misheni ya St. Paul's iko Kashikishi, na wewe hujui njia ya mkato wala mwenye baiskeli. Gonga mlango wa jirani. Nasema gonga, usingoje kuche kwa kuona haya. Wageni wengi hujivunia kwamba hawajawahi kumsumbua mtu, wakidhani hiyo ni adabu. Mwenyeji anaisoma tofauti: huyu hatuamini. Kuomba msaada unaoweza kutolewa ni njia mojawapo ya kumheshimu unayemwomba, na ombi la kwanza likiwa dogo, chumvi, kiberiti, kuazima kinu, lile kubwa la usiku halitamshtua mtu.

Ukilazwa, ndipo utakapoona maana ya jirani. Mgonjwa kwenye hospitali za huku huhudumiwa na watu wake: wao ndio wanaopika, wanaofua, wanaomgeuza, wanaokwenda kumtafuta muuguzi. Mgeni hana watu. Na mara nyingi anatokea mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye jina lake ulikuwa hulishiki vizuri, amekaa kando ya kitanda na sufuria ya uji. Fadhila ya namna hiyo hailipiki, kwa hiyo usijitese kutafuta bei yake. Iweke moyoni, na siku mama yake atakapolazwa, uwe wa kwanza kufika na kuni.

Njia za kurudisha, basi, zipo, na nitazitaja kwa uzito ninaouona mimi.

Kubwa kuliko zote ni msiba. Ukifiwa au wakifiwa, hapa hakuna salamu za pole za mlangoni. Watu wanahamia kwenye nyumba ya msiba: wanawake wanalala ndani, wanaume wanalala nje wakizunguka moto, na chakula, maji na kuni vinatoka kila nyumba. Mgeni anayekwenda na unga wake, akakaa, akalala pale pale usiku mmoja kwenye baridi ya ziwa, amelipa samaki wa mwaka mzima hata kama hakufungua mdomo. Huhitaji Kibemba kingi kukaa kimya na watu. Uliza tu mapema michango inaandikwa wapi, na jina lako liwemo kwa kiasi unachokiweza. Kiasi kikubwa kupita cha mtoto wa marehemu ni majivuno, na kitasemwa.

Ya pili ni kazi. Waswahili tuna msemo ulio maarufu kuliko wote kuhusu wageni, kwamba siku ya tatu mgeni apewe jembe, na watu huutumia kama utani wa kumfukuza mtu. Mimi nausoma kwa upole zaidi. Mgeni aliyepewa jembe amepewa cheo. Palilia na jirani yako, hata nusu siku. Msaidie kubeba muhogo uliolowekwa, kuumenya, kuuanika. Na akikupa vipande vya miti ya muhogo upande kwako, vitu ambavyo watu hupeana bila kuuziana, ujue alichokifanya: muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi kabla haujaliwa. Anakuambia anakutarajia uwepo. Usiviache vikauke nyuma ya nyumba.

Ya tatu ni sahani. Usiirudishe mara ile ile na usiirudishe tupu. Siku chache zipite, kisha ipeleke na kitu chako, kidogo, na kikiwa cha kwenu ni bora: chapati, maandazi, pilau la siku ya Idi, viungo vya chai. Watoto wa jirani watajifunza kuitamani chai yenye tangawizi, na utajikuta huna tena haja ya kuwaza utampa nini mama yao.

Lakini wakati nao una thamani. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na Ziwa Mweru limo. Ni miezi ya mvua. Mahindi bado mabichi, mahitaji ya shule yanangoja Januari, na nyumba iliyokuwa ikigawa samaki mwezi Septemba sasa inahesabu vijiko vya mafuta. Mgeni mwenye mshahara, au mwenye posho ya shirika, au aliyeuza kitu msimu uliopita, ndiyo miezi yake ya kutoa. Lita moja ya mafuta ya kula mwezi Januari inashinda kitenge kipya mwezi Agosti. Tena fanya kama wao walivyofanya kwako: mtume mtoto, aweke, akimbie.

Na ndiyo miezi ya kuwa mwangalifu na unachokipokea. Ukiletewa samaki wabichi katikati ya Januari, bila shaka unajua hawakuanguka kutoka mbinguni. Mimi nisingekula, na nisingemshtaki jirani kwa sauti. Ningemwambia kwamba mgeni akikutwa na samaki hao na maafisa wa Idara ya Uvuvi, matata yatakuwa makubwa kwangu kuliko kwake, na angenielewa. Wageni hukamatwa kwanza. Kukataa namna hii, kwa kutaja udhaifu wako wewe badala ya kosa lake, kunaacha mlango wazi.

Hapa pia niseme neno kwa walioko Mantapala au wanaoishi kwa hadhi ya ukimbizi popote. Wema wa mwenyeji hauwi kibali. Sheria ya Wakimbizi ya Zambia ya mwaka 2017 ina masharti yake, na anayetoka kwenye makazi kwenda Mansa au Lusaka anatakiwa awe na ruhusa ya maandishi. Rafiki akikuambia twende tu, utalala kwangu, anasema kwa moyo mweupe, lakini akikutwa na mtu asiye na karatasi ndani ya nyumba yake, ndiye atakayehojiwa. Usimlipe mtu aliyekupa kitanda kwa kumpeleka polisi. Chukua ruhusa kwanza, kisha ukalale kwake.

Vilevile pima chungu ambamo chakula unacholetewa kimetoka. Umaskini wa anayetoa hufichwa vizuri kuliko umaskini wa anayepokea. Kuna nyumba ambayo mgeni akila, mtoto mmoja analala na uji. Ukiishtukia, usikatae kwa mkupuo, punguza. Fika baada ya chakula. Jifanye umealikwa kwingine. Njoo na unga wako mkononi na useme tupike pamoja, ambalo ni jambo la kawaida kabisa na halimvunjii mtu heshima. Na ikiwa wewe unapata mgao wa chakula au fedha za shirika, na jirani mwenyeji hapati, usijidanganye kwamba hajui siku ya mgao. Anaijua kuliko wewe. Kumpitishia kidogo siku hiyo kunazuia maneno mengi ambayo hakuna mkutano wa maofisa utakaoyatibu.

Si kila mkono unaotoa unatoa. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria upande wa Kenya kuna jambo lenye jina lake, jaboya: mwanamke mchuuzi anapewa samaki na mvuvi kwa sharti la kulala naye. Sharti hilo linaweza kuvaa nguo za ukarimu mahali popote ambapo mwanamke ni mgeni, hana mtaji, na mwenye samaki anajua hivyo. Namna ya kupambanua si ngumu sana. Zawadi safi huja mchana, mbele ya watu, na haikasiriki ukimwambia mama wa jirani kwamba umeipata. Yenye ndoano huja peke yake, huomba siri, na huongezeka haraka kuliko urafiki wenyewe. Dada, pokea mbele ya shahidi. Mtoaji mwema hatajali, na mwingine atatafuta mlango mwingine. Halafu tenga zawadi na mkopo tangu siku ya kwanza. Ukichukua chisense kwa mali kauli ili ukawauze Kashikishi au uwapeleke mbali, ulizeni bei, andikeni, semeni tarehe, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Zawadi haiandikwi, mkopo usioandikwa nao huzaa ugomvi, na nimeshuhudia urafiki mzuri ukizama kwa sababu kila upande ulikumbuka jambo lile lile kwa jina tofauti.

Kuna swali ambalo wasomaji huuliza kwa sauti ya chini: vipi kama aliyekusaidia ni mtu ambaye humkubali, kazi yake au mwenendo wake? Ziwa Mweru lina kisa chake. David Livingstone alifika Mweru Novemba 1867, akakaa kwa Kazembe, akaendelea na safari zake akiwa hana mali ya kutosha na mwili umechoka. Mtu aliyekuwa akiipinga biashara ya watumwa kuliko wote alikuwa akiishi kwa hisani ya wafanyabiashara wa pwani walioifanya biashara hiyo hiyo. Mapema mwaka 1869, alipougua mapafu hata akashindwa kutembea, ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa misafara, aliyeagiza abebwe na kumtibu mpaka wakafika Ujiji. Livingstone aliandika wema huo kwenye shajara zake, na aliendelea kuipinga biashara. Sioni unafiki hapo. Unaweza kumshukuru mtu kwa dhati na ukabaki na msimamo wako, mradi usimsifie kwa yale unayoyakataa ili tu uendelee kulishwa.

Wabemba wana methali, uwakwensha ubushiku bamutasha ilyo bwacha: anayekuongoza usiku hushukuriwa kunapopambazuka. Ni methali ya vitendo. Unapoongozwa gizani hujui bado kama njia ni sahihi, hivyo shukrani za mapema ni za adabu tu. Zile za kweli zinangoja. Ndiyo maana nasisitiza kuhusu siku ya kuondoka, kwa sababu wageni wengi huondoka vibaya. Mtu amekaa miaka, amelishwa, amezikiwa, halafu gari linafika alfajiri na jirani anaamka kuikuta nyumba tupu. Desemba 2021 misafara ya kurudi Kongo kwa hiari ilianza kutoka Mantapala kuelekea Pweto, na anayejiandikisha kurudi huwa na muda wa kutosha kuaga.

Aga nyumba kwa nyumba, siyo kwa tangazo. Anza na aliyekuletea kitu cha kwanza, kisha mkuu wa kijiji, kisha walio kwenye daftari lako la madeni. Uwalipe kabla hujaanza kuuza vyombo, ili mtu asione kitanda chako kinabebwa na deni lake limebaki. Kilichoazimwa kirudi kwa mwenyewe kikiwa kimesafishwa, jembe limenolewa. Usiuze kila kitu. Sufuria moja, mkeka, kuku aliyebaki, chagua nani atapewa nini na umpe kwa mkono wako, usimwachie mtu mwingine agawe. Shamba la muhogo ambao haujakomaa lina wenye macho mengi: mtaje mrithi wake mbele ya mkuu wa kijiji na mashahidi wawili, useme kama ni lake moja kwa moja au atalivuna kwa niaba yako, na kama wewe au mwanao mkirudi kwa biashara mtakuwa na haki ya kuchimba mashina mangapi.